Lita Sifuri

Mimi ni dereva tu wa lori la maziwa.
Kila baada ya siku mbili napanda vilima vya Lugo,
mvua ikinigongea kioo kama mdai,
nasoma kipimo, naunganisha mpira, navuta, naandika.
Zamani njia hii ilikuwa na vituo thelathini na kimoja.
Leo ni tisa.
Lori limekua, wafugaji wamepungua.

Obdulia ni kituo cha sita.
Ghala lake la mahindi limesimama juu ya miguu ya mawe
ili panya wasipande. Na kweli, hawapandi.
Nguruwe mwitu ndio hawana haja ya kupanda:
usiku mmoja wa Agosti walilala shambani mwake
kama wageni waliokwisha lipa.

Ana ng'ombe kumi na wanane,
hereni za njano masikioni, tarakimu nyingi
kuliko simu ya ng'ambo.
Yeye huwaita Marela, Pinta, Gallarda,
nao huitika.
"Serikali inawajua kwa namba," aliniambia,
"na mimi inanijua kwa kivuli."
Setilaiti imeona giza ukingoni mwa malisho,
haijui kama hapo pana nyasi.
Bila picha kabla ya Ijumaa, hakuna ruzuku.
Kivuli ni cha mikaratusi ya jirani aliyehamia mjini.
Mtandao hushika mahali pamoja tu, juu ya lundo la samadi,
basi alilipanda, mama wa miaka sitini na mitatu,
akainua simu juu
kama anayeapa.

Dizeli ina bei yake.
Pumba zina bei yake.
Daktari wa mifugo ana bei yake hata kabla hajashuka garini.
Maziwa tu ndiyo huondoka kwanza,
bei ikafuata mwisho wa mwezi ndani ya bahasha.

Jumanne ile ya Novemba
mpira ulikuwa umeshafungwa, kidole changu kwenye swichi,
nikamwona anakuja mbio,
kandambili moja mguuni, ya pili imemezwa na matope,
mkononi utepe mwekundu.

Utepe ule alimfunga Gallarda.
Kiwele kilivimba, akachomwa sindano Jumapili,
na maziwa yake yalikuwa ya kumwaga mpaka wiki iishe.
Utepe ulidondoka gizani.
Alfajiri, ukiwa peke yako, kila kiwele ni kiwele.

"Usivute," alisema.
Akapumua.
"Humo mna maziwa ya Eladio. Ana deni la trekta."

Lita mia nane na arobaini.
Alifungua koki mwenyewe.
Paka walikuja, akawafukuza wasinywe dawa.
Wapo wanaosema yakimwagika hayazoleki;
yeye hakusema kitu, alichukua ufagio
akayasukuma meupe yale mpaka kwenye shimo la samadi,
taratibu, pembe kwa pembe,
kama anayefagia sebule yenye mgeni.

Nikashika mashine yangu kuandika.
Sifuri.
*Ingiza kiasi sahihi*, ikasema.
Sifuri.
*Ingiza kiasi sahihi.*
Tukaitazama wote wawili, mvua inadondokea kioo chake.
"Mwandikie moja," alisema Obdulia, "asije akalia."
Nikaandika moja.
Bahasha ilipokuja walimlipa lita moja,
wakamkata gharama ya kupima.

Lakini hilo lilikuwa baadaye.
Alhamisi niliporudi,
Gallarda alisimama zizini, mguu wa nyuma umefungwa tai,
hariri ya buluu, fundo mara mbili.
Nikamtazama Obdulia.
"Ya harusi," alisema. "Marehemu nilimfunga kwa mkono wangu,
mwaka themanini na tatu, mlangoni mwa kanisa.
Haikulegea mpaka usiku."

Nikaunganisha mpira.
Nikamwangalia kwanza.
Akaitikia kwa kichwa.
Nikavuta.