Kipindi cha Tatu, Newala

Ramani ya Ulaya ililiwa na panya,
nikachora kwa chaki.
Rhine ikishuka kwenda kaskazini,
Köln, Düsseldorf, halafu mpaka wa Uholanzi.
Jimbo moja tu la Ujerumani, nikasema,
na watu milioni kumi na nane,
wamebanana kama korosho kwenye gunia la mnada.

Nikaongeza Ruhr, mto mdogo,
nikaupiga vidoti pembeni:
hapa walichimba makaa ya mawe
babu kwa mjukuu,
mpaka ardhi ikadidimia chini ya nyumba zao.
Migodi wameifunga. Pampu haizimwi.
Inavuta maji mashimoni usiku na mchana,
wakiiacha, mitaa itageuka ziwa.

Nyuma ya darasa mtu akaguna.

Sisi nasi tuna shimo, tunaliita la Mungu.
Ukisimama ukingoni
unaiona Ruvuma huko chini, uzi tu,
na maji yetu hupandishwa kutoka bonde la Mitema
umeme ukipenda.
Tangu Jumatatu haujapenda.
Ndoo zao zilikuwa dirishani, zimepangwa foleni.

Somoe Nambunga akanyoosha kidole.
"Hayo wanayoyavuta, wanayamwaga wapi?"
"Mtoni."
"Yote?"
Nikafuta ubao, ingawa muda ulikuwa bado.

Mtihani wa Novemba:
Taja sifa mbili za jimbo hilo.
Aliandika moja:
Wana maji wasiyoyataka.

Mwongozo wa usahihishaji hausemi hivyo.
Nimempa alama zote mbili.