Kitone cha Kijani

Mwanangu kaniachia, mashine yake nyumbani,
Gemu amezikimbia, kaenda Dundee chuoni,
Mimi naitazamia, tamthilia jioni,
Kidhibiti nashikia, kama mwiko wa jikoni.

Kila nikiifungua, huniita "Mahfudhi,"
Dadake kashaamua, kulifuta; sikuridhi.
Huku Leicester kwenye mvua, jina lake ni hifadhi,
Mwenyewe angelijua, angecheka kwa maudhi.

Usiku wa saa saba, kikawaka kijitone,
Cha kijani, chembe haba, karibu nisikione.
Yu hewani! Je, kashiba? Hapigi tusemezane.
Nikawasha ya akiba, tamthilia nyingine.

Kilipokuja kuzima, nami nikazima taa.
Lala, mwanangu, salama. Kioo kikanyamaa.