Ya

Jumamosi, Bulongwa, chumba cha nyuma ya kanisa.
Sakitu bado imeganda kwenye kivuli cha ukuta.
Mimi, mwalimu mstaafu wa sarufi,
nimeandika ubaoni maneno matatu:
imani ya Kristo.

Hilo la katikati ndilo linalonisumbua.
“Picha ya baba,” nawaambia. “Ni picha aliyopigwa yeye,
au ni ile aliyoitundika sebuleni, ya ng’ombe wake?”
Wanacheka. Chaula hacheki.
Anataka kujua: tunaokolewa kwa kumwamini,
au kwa uaminifu wake yeye?

Mtume aliyewaandikia Wagalatia, nasema,
alikuwa na haraka, alikuwa na hasira,
na Kiyunani chake, kama Kiswahili chetu,
kiliuacha mlango huu bila komeo.
Imani, amini, amana, amani: shina moja,
matawi yameinamia nyua za majirani.

Naisikia sauti yangu ikinipendeza. Dalili mbaya.

Tabitha Tweve hasomi. Huja kusikiliza,
udongo ukiwa bado kwenye kucha.
Leo ananyoosha mkono.

“Mwaka ule nilipomzika Luhwavi, kisha mdogo wake,
nilikula hadi mbegu. Nikabaki na jembe.
Ndelwa akaniletea viazi, magunia mawili.
Hakuandika popote.
Nilikuwa nakohoa, kijiji kizima kinanihesabia siku.
Nikapanda. Watu wakasema,
Tweve amepanda kwa imani ya Ndelwa.
Imani ipi? Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na njaa.
Ya kwangu ilikuja baadaye, majani yalipochomoza,
ikanikuta nimeinama, napalilia.”

Chaula anaandika kitu daftarini, anakikata.
Nashika kifutio. Sifuti.
Miaka thelathini na mmoja nilifundisha
kwamba kazi ya “ya” ni kuunganisha;
sikuwahi kuuliza mzigo unavuka
kutoka upande upi.

Wiki ijayo tunafika kwa yule mwandishi mwingine,
asiyeivumilia imani iliyotia mikono mfukoni.
Watagombana, najua.
Nimeanza kuogopa, na kwa mbali kufurahi.

Dirishani namwona Tweve akikata kona kwa Ndelwa.
Deni lilikwisha miaka kumi iliyopita.
Amebeba sado ya viazi, juu ameifunika kanga.
Anaiweka kizingitini, anajipangusa,
anaondoka.
Hamwambii ni ya nini.