Kitufe cha Kurudisha

Kompyuta hii aliniachia mdogo wangu Ndekirwa
alipohamia Arusha. Kisogo chake kama kreti ya soda,
ndani yake Linux, kwa sababu, alisema,
"Dada, hii haikusumbui kwa virusi wala haidai leseni."
Sawa. Hakusema ikifa itakufa na nini.

Mimi ni katibu wa mfereji, huku Uru.
Zamu za maji za kaya sitini na mbili zimo humu:
nani afungulie Jumanne alfajiri,
nani kalipa kwa siku ya jembe, nani kwa debe la mahindi,
nani hajalipa ila ana mgonjwa, msimsumbue.

Daftari la kabla yangu lililiwa na mchwa.
Mwaka ule masika yalichelewa,
kila mtu akaikumbuka zamu yake ndefu kuliko ya jirani,
na Kisoka akashonwa nyuzi tisa kichwani
kwa ajili ya ukurasa ambao haukuwepo.

Basi usiku, watoto wamelala,
natafuta programu ya kunitunzia nakala.

Ya kwanza ilinifungulia dirisha jeusi,
kijistari kinapepesa, kinasubiri niseme.
Niseme nini? Nikakaa kama mchumba
siku ya kutambulishwa.
Nikaifunga kwa adabu.

Ya pili ilikuwa na vitufe, lakini vingi, dashibodi ya lori:
faili zibanwe kiasi gani, zifungwe kwa siri gani,
za zamani zikae wiki ngapi, miezi mingapi.
Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo,
halafu nikaogopa nimekubali nini.

Ya tatu, ukurasa mweupe. Vitufe viwili:
Hifadhi. Rudisha.
Na swali moja: Nitunze nini?

Moja tu, lakini lilinikalisha hadi saa sita.
Zamu, tiki. Michango, tiki.
Picha za harusi za watu, hapana.
Sauti ya mama, dakika nne, anamfokea kuku
aliyeingia jikoni. Hiyo si mali ya mfereji.
Tiki.

Umeme ukakatika kwenye asilimia tisini.
Uliporudi, programu ikaendelea pale ilipoishia,
haikunilaumu.

Akiba haiozi, walisema
watu ambao hawakuwahi kumiliki diski.
Ndekirwa naye kwenye simu: "Umejaribu kuirudisha?
Kama hujajaribu, dada, hiyo siyo nakala,
hayo ni matumaini."

Nikafuta Jumanne.
Nikaifuta na kwenye pipa la taka, nisipate pa kukimbilia.
Kwa pumzi kama kumi hivi
Uru yetu haikuwa na Jumanne.
Vidole vikalowa. Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kujaa kutoka kushoto,
taratibu, kama maji yanavyofika kwenye mfereji mkavu:
kwanza yanasukuma majani, kisha povu,
kisha yenyewe.

Kiwelu, saa kumi na moja. Mama Ndeshukurwa, saa moja.
Mlay, nusu zamu. Na yule,
ana mgonjwa, msimsumbue.

Diski nimeizungushia kitenge
nikaipeleka kwa Shirima, ambaye tunagombania Alhamisi.
Hatusalimiani vizuri.
Lakini nyumba yake ni ya zege, haina mchwa,
na aliipokea kwa mikono miwili.