Fundo la Maji

Usiku wa kwanza kambini Kilembe
Kabugho aliniuliza nalala upande gani.
Sikujibu. Akaburuta mkeka wake
akautandika ukutani, upande wa mto.
"Mlio ukija, utanikuta mimi kwanza."
Akajifunika, akakoroma kama mashine mbovu ya posho.

Nilikuwa na miaka kumi na minne
na ndala moja. Ya pili ilibaki Nyamwamba,
pamoja na mlango wetu, pamoja na Thembo
aliyekuwa ameushika mlango.

Bi Mbambu alikuwa fundi mitambo
enzi machimbo ya shaba yakipumua.
Mtambo ulimla vidole viwili;
kwake hesabu huishia nane.
"Chota. Pumua nane. Inua."
Na maji kiganjani mwake yakasimama wima
kama mche wa mtama,
akayapiga fundo, akayatundika msumarini
yakaning'inia bila kudondoka.

Yangu yalikataa.
Kila nikichota, kiganja kinajaa tope,
mabati, ng'ombe wa jirani tumbo juu,
sauti inaita Ithungu, Ithungu,
kisha haiiti.
Nikamwaga. Nikamwaga mwezi mzima.
Wenzangu wanaitia vitanzi mvua ya mlimani,
mimi nasugua sufuria.

Kabugho, mvivu wa mazoezi, bingwa wa ugali wa muhogo,
hakuniambia pole wala sahau.
Aliketi nami jiweni
akaweka kiganja chake chini ya changu.
"Mwaga," akasema. "Nadaka."

Nikamwaga. Akadaka.
Akanirudishia, yamepungua kidogo, yana uvuguvugu.
Nikamwaga.
Ukungu wa Rwenzori ukashuka hadi magotini
nasi tunapokezana yale yale, funda moja,
kama watoto wenye kikombe kimoja cha uji.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi.
Yalitetemeka, kisha yakainua kichwa.
Fundo langu lilitoka baya, limepinda shingo.
Bi Mbambu akalivuta mara mbili.
"Linashika," akasema, akaenda kula.

Bado mto ukiunguruma naamka.
Nahesabu nane. Siku nyingine nakwama sita.
Fundo liko msumarini; ukilisogezea taa
utaona ndani mlango mdogo
na mtu ameushika.
Simfungulii, simfukuzi.
Namwambia, lala, Thembo,
kisha nausogeza mkeka wangu
upana wa kidole
upande wa mto.