Hesabu ya Mikia

Jumanne asubuhi nilikuta kitunguu kinashuka.
Si kunyauka, si kulala: kushuka,
jani baada ya jani likivutwa ardhini
kama tambi mdomoni mwa mtoto.
Nikalishika lile la mwisho, nikavuta.
Huko chini naye akavuta.
Miaka ishirini na sita nimeendesha magari ya polisi,
sijawahi kupimana nguvu na mtu nisiyemwona.

Udongo wa Tegeres ni laini,
mtoto anauchimba kwa kijiko, sembuse fuko.
Vichuguu vyake vilianzia nyuma ya choo,
vikapita chini ya kamba ya nguo,
vikakata kona penye karoti
kwa ustadi ambao makuruta wangu hawakuwa nao.

Kila jirani na dawa yake.
Mke wa Twala: mkojo wa ng'ombe uliolala siku tatu.
Katekista: pilipili kavu juu ya makaa, pulizia shimoni.
Nikapulizia. Fuko hakupiga chafya.
Nilipiga mimi, hadi saa nne,
na kuku wakagoma kutaga.
Kijana wa duka la pembejeo akaniuzia unga wa buluu;
nikaurudisha, maana paka wetu hula chochote kilichokufa.
Nikachimba mtaro, nikazika wavu wa waya futi mbili.
Akapita futi ya tatu.

Basi nikamwita Soyekwo.
Alikuja na baiskeli, kamba ya katani, fito tatu
na daftari la mraba.
Anatoza kwa mkia: mkia mmoja, elfu tano;
hakuna mkia, hakuna deni.
Alinusa shimo kama mpishi anusavyo sufuria,
akapinda ufito, akatega kitanzi,
akanikataza kugusa chochote kwa mkono wenye sabuni.
Ufito ulifyatuka mara moja tu.
Ulinasa kiazi.
Mwenyewe alikuwa amekitanguliza,
kama askari anayeinua kofia yake juu ya ukuta kwanza.

Siku ya tatu Soyekwo alikasirika, akaomba jembe.
Tukaifuata njia hadi chini ya mgomba wa mwisho,
na hapo, mikono miwili kwenda chini,
ghala.
Kavu kuliko stoo yangu.
Karoti peke yake, vitunguu peke yake,
na viazi,
vidogo, ngozi ya zambarau, macho yaliyozama.

Chekwemoi, ni vile vyako.
Vile ulivyokuja navyo kutoka Bukwo ndani ya soksi.
Vile nilivyosema havina soko,
nikaving'oa ulipokuwa umelazwa Mbale
nikapanda vikubwa vyeupe, vya chipsi,
na uliporudi ukasimama mlangoni, ukalitazama shamba,
ukauliza tu kama chai ipo.
Nilidhani nilivimaliza.
Kumbe mche mmoja ulibaki mpakani
na kuna mtu alikuwa akiuvuna.

Nilivihesabu: kumi na tisa.
Soyekwo alikung'uta magoti, akafungua daftari.
Nikampa elfu tano.
"Mzee, mkia haupo."
Chukua.
"Niandike mkia wa nani?"
Andika wangu.
Akaandika. Hakucheka.

Sasa viko kwenye magunia, juu ya mawe,
waya chini yake, majivu kandokando.
Saba vimechipua. Viwili sina uhakika.
Usiku nikizima taa
nasikia mkwaruzo upande wa vitunguu,
taratibu, bila haraka,
kama mtu anayerudi stoo yake
na kuanza kuhesabu upya.