Siku Tatu za Majaribio

Mzee Mwinshehe aliniambia, "Kaa nacho siku tatu.
Kisipokukaa moyoni, kirudishe. Laki na nusu."
Nikakibeba ndani ya kiroba cha mchele
kutoka Narung'ombe mpaka Magomeni,
kizito kama tofali la kuchoma:
amplifaya ya mezani, na ndani yake
kigeuzi kinachopokea namba na kutoa sauti.
Kimezeeka. Maandishi ya usoni yamefutwa na vidole
vya watu nisiowajua.

Siku ya kwanza sikusikiliza kitu.
Nilipangusa vumbi, nikakaza skrubu iliyolegea,
nikanusa: solda, na stoo.
Kinapata joto. Ukiweka kiganja juu yake
ni paji la uso la mtoto mwenye homa ndogo.
Kitufe cha sauti, ukianza kukizungusha,
kinakwaruza upande wa kushoto
kama paka anayetaka kufunguliwa.
Na jokofu la Mama Sikudhani,
tunayechangia naye ukuta na luku,
likiamka, mvumo unapita masikioni mwangu
bila hodi.
Nikaandika daftarini: kasoro mbili.

Siku ya pili umeme ulikatika tangu asubuhi.
Kikakaa mezani, tofali kweli.
Hilo nalo nikaliandika.
Kondo, kijana wa chumba cha uani,
akaja na kidude chake cha kuchomeka kwenye simu,
hakizidi kidole gumba.
"Anko, hiki kinafanya yote hayo. Elfu thelathini.
Na hakisubiri umeme."
Sikumjibu. Huenda ni kweli.

Saa nne usiku mtaa ukapiga kelele, taa zimerudi.
Nikavaa hedifoni, nikaanza na dansi la zamani.
Besi imefungwa vizuri, haiwamwagikii waimbaji.
Gitaa la pili limekaa pembeni, kwenye kiti chake.
Tarumbeta inang'aa, haichomi.
Nikaandika: hakiongezi chumvi.

Ndipo nikafungua kaseti ya mama,
ile niliyoihamishia kwenye kompyuta
kabla utepe haujaoza.
Barua ya sauti, kwenda Muskati kwa baba,
mwaka themanini na sita.
Naijua kama njia ya chooni gizani:
salamu, majina ya waliokufa, bei ya mchele,
kisha, "Sisi hatujambo, wala usitie shaka."

Lakini kabla ya hatujambo kulikuwa na kitu.
Nikarudisha nyuma.
Tak. Kinasa sauti kimezimwa.
Tak. Kimewashwa.
Na hewa ya chumba si ile ile:
kabla, uani kuna mtu anakuna nazi;
baada, hakuna nazi,
kuna jogoo.
Usiku mzima umepita katikati ya sentensi.
Halafu anameza mate.
"Sisi
hatujambo."

Nikamwamsha Kondo kuazima kidude chake.
Tak ipo. Jogoo yupo. Mate yapo,
sasa kwa kuwa najua pa kuyatafuta.
Sikujua niandike hilo upande wa sifa
au upande wa kasoro, na ni za nani.

Siku ya tatu nilimkuta Mzee Mwinshehe
amepakata redio iliyopasuliwa, bisibisi mdomoni.
"Vipi, kimekukaa?"
"Kinakwaruza kushoto. Jokofu likiwaka kinavuma.
Umeme ukikatika ni tofali.
Laki na ishirini."
Akatoa bisibisi, akanitazama juu ya miwani.
"Kasoro nazijua, nimeishi nazo. Umesikia nini?"
"Jogoo," nikasema.

Hakucheka. Alipangusa mikono kwenye suruali,
akahesabu noti zangu mara mbili, polepole.
"Ongeza tano. Na kile kitufe
usikipake mafuta ya cherehani,
watu hufanya hivyo, wanakiua.
Kizungushe tu kila siku.
Kitanyamaza chenyewe."